Punda wa Mukhwana

Simu ya Mukhwana ililia nikiwa nimepiga magoti kando ya lori la Mganda mmoja pale Malaba, nikiziba pancha ya tairi lake la nyuma. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu tumzike. Tangu siku ile nilikuwa natembea na simu mbili mfukoni, yangu na yake, na kila jioni nazichaji zote mbili. Usiniulize kwa nini. Mama aliniuliza, nikamwambia betri ikikaa bila moto huharibika.

"Mukhwana, ni Amongin wa punda," sauti ya mwanamke ikasema. "Umepotea Jumamosi tatu. Uko salama?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, dada, mwenye simu hii hayupo tena. Mimi nikafuta mkono kwenye suruali nikasema, "Niko salama. Nilikuwa mgonjwa."

Nijieleze mapema kabla hujaniita mwongo. Mimi na Mukhwana ni mapacha. Yeye alitangulia kutoka ndiyo maana akaitwa Mukhwana. Mimi nikafuata dakika ishirini baadaye, nikaitwa Mulongo. Hayo si majina ya kuchagua, pacha wa kwetu huzaliwa nayo. Na katika ukoo wetu pale Mundika, pacha haliliwi. Pacha akiondoka husemi amekufa, unasema ameruka. Yule aliyebaki haruhusiwi kuona kaburi likifukiwa, haruhusiwi kutoa chozi, na lile neno lenyewe hatakiwi kulitamka kamwe, kwa sababu akilitamka mwenzake atarudi kumchukua. Siku ya mazishi, baba yetu mdogo Oduori alinikalisha nyuma ya jiko la mama na shangazi wawili wa kunichunga, nikapewa ndizi ya kuchoma. Nikaila. Nilikuwa nasikia majembe upande wa pili wa nyumba, na ndizi ilikuwa haijaiva vizuri katikati, nikatafuna mpaka nikaimaliza.

Watu walinisifu kwa kutolia. Walisema Mulongo amejikaza kiume. Sikuwa nimekaza chochote. Tangu saa ile niliyomfukua Mukhwana kwa mikono yangu, shimo la udongo wa matofali lilipomporomokea, nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia utosini hadi nyayo, na ganzi haikuwa imetoka. Niliziba pancha, nilikula, nilicheka mtu akisema jambo la kuchekesha. Ungenidunga sindano ningekushukuru.

Kwa hiyo Amongin aliponiita Mukhwana, kosa nililolifanya ni kosa ambalo mtu asiye wa kwetu asingelifanya. Neno la kumsahihisha lilikuwa moja tu, na ndilo neno nililokatazwa.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Sheria unaijua. Training ni Jumamosi nane, wewe umefanya tano. Ukikosa hii ingine pia, hiyo punda inaenda kwa mzee wa Khunyangu mwenye ni wa pili kwa orodha. Na anayesaini ni yule alifanya training mwenyewe, hatupeani punda kwa mtu haijui. Utakuja?"

"Nitakuja," nikasema, nikarudi kwenye tairi.

Huyo punda ana habari yake. Mwaka juzi lori moja lilikamatwa njiani kuelekea mpakani likiwa na punda ishirini na kitu, wamefunikwa kwa magunia ya vitunguu, wanapelekwa kuchunwa ngozi. Wengine walikuwa wameshakufa wakiwa wamesimama, kwa vile hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Chini ya mmoja wa hao waliokufa alitolewa mtoto wake, hai, wa miezi michache. Shirika moja la kutetea punda likachukua waliobaki na kuwaweka kwenye ua wao nje kidogo ya barabara ya Malaba, ukishapita Amagoro. Yule mtoto wakamwita Transiti, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa ubavuni mwa lori lile kwa herufi kubwa. Halafu wakaanza kutafuta watu wa kuwachukua kuwalea, kwa masharti.

Mukhwana alisikia habari hizo kanisani. Alikuwa akifyatua matofali, na matofali ya mtu asiye na punda hubebwa kwa kichwa. Lakini Transiti hangebeba kitu mpaka afikishe miaka minne, hilo lilikuwa mojawapo ya masharti, na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba asipigwe. Si fimbo, si teke, si kumvuta kamba kwa nguvu. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, ndugu yangu, wahenga walisema punda haendi bila kigongo, wewe unataka umpe barua ya mwaliko?

"Wahenga hawakuwa na karoti," Mukhwana akasema.

Ndivyo alivyokuwa. Alinizidi dakika ishirini za umri na miaka ishirini ya subira. Kila Jumamosi alipanda piki kwenda Amagoro, akarudi jioni ananuka punda, anasimulia jinsi Transiti alivyoinua ukwato mmoja kwa sekunde mbili, na mimi nauliza, sasa hiyo ni habari? Akajenga banda nyuma ya nyumba ya mama, akaliezeka, akalisawazisha sakafu. Lilipokwisha, wiki mbili baadaye, ndipo shimo likaporomoka. Tangu hapo mama alikuwa akilifagia lile banda tupu kila asubuhi. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Banda hilo ndilo lililonipeleka Amagoro. Mambo mengine yote ya Mukhwana yalikuwa yamesimama, matofali yake yalikuwa yameota nyasi. Punda peke yake ndiye alikuwa bado yuko njiani kuja. Niliona nikimfikisha nyumbani nitakuwa nimemalizia kitu kimoja.

Jumamosi ile nilivaa koti la Mukhwana la rangi ya kahawia na kofia yake. Amongin alikuwa langoni, mwanamke wa Kiteso wa umri wangu, mrefu, gambuti hadi magotini. Mluhya yeyote akisikia jina Mukhwana angeuliza mara moja, na mwenzako yuko wapi? Kwa Amongin lilikuwa jina tu. Alinitazama akasema nimekonda, nikasema malaria, tukaingia.

Transiti alikuwa upande wa mbali kabisa wa ua, mdogo, rangi ya majivu, sikio moja lina pengo. Aliinua kichwa. Akaliona koti. Alitoa sauti ambayo sijui niiite nini, mlio wa punda ambaye bado hajajua kulia kipunda sawasawa, akaja mbio. Wale wengine walimpisha. Hatua tano kabla hajanifikia akasimama, akanyoosha pua, akavuta hewa mara mbili. Kisha akageuka akanipa mgongo, akaenda kusimama kwenye pembe ya seng'enge, kichwa kimeelekea nje.

Nusu ya Mundika ilikuja kunipa pole wakati wa matanga, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtafuta Mukhwana kwangu kama alivyomtafuta punda yule. Nilijua kwamba hapo nilipaswa kuhisi kitu. Nilichohisi ni njaa kidogo.

"Ehe," Amongin akasema, mikono kiunoni. "Wiki tatu na imekusahau? Haijawahi. Sawa, unarudi mwanzo. Kumbuka, ikifanya kitu kizuri, hata kidogo, unapiga ulimi, tak, halafu karoti. Ulimi kwanza, karoti nyuma. Ikikataa unaiacha. Iko na haki ya kukataa."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa saa mbili. Nilipiga ulimi, nikatupa karoti, karoti ikalala kwenye vumbi. Mimi ni mtu wa nyundo na mtaimbo. Tairi likigoma kutoka kwenye ringi, unaligonga mpaka likubali, hakuna tairi lenye haki ya kukataa. Kufikia saa sita nilikuwa nimemtukana yule punda kimoyomoyo kwa Kiluhya, kwa Kiswahili na kwa maneno mawili ya Kiganda niliyofundishwa na madereva. Yeye hakugeuza hata sikio. Hasira yenyewe ilinishangaza, maana ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kunipanda tangu mazishi, na ikapoa upesi.

Wiki hiyo nilifanya mazoezi ya ule mlio nyumbani. Siku ya Jumanne nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba nikipiga ulimi, tak, tak, najaribu uwe mkali na mfupi. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, unga unadondoka. Mama yangu, Zilpa, si mtu wa kukimbia, ana magoti mabaya. Aliponiona akasimama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Yeye alikuwa anapigia mbuzi hiyo sauti. Anajifunza." Akautazama ule mwiko. "Punda anakuja?"

"Jumamosi mbili zimebaki."

"Na wale watu wanajua?"

"Wanajua nini?"

Hakuweza kulisema, na mimi nilijua hawezi, na bado nilimngoja aliseme. Huo ni ukali wangu, sijivunii. Mwishowe akasema, "Kwamba ameruka."

"Hawajui. Wakijua, punda anapewa mtu mwingine."

"Basi wasijue kwako wewe," akasema upesi, akanishika bega kwa ule mkono wenye unga. "Oduori alisema usilitaje lile neno. Mulongo, mimi nimebaki na mmoja. Saini unavyosaini, sema unavyosema, hilo usilitaje."

Nikamwahidi. Nilimhurumia, au nilijua kwamba ninapaswa kumhurumia. Siku hizo mambo hayo mawili yalikuwa hayakutani.

Jumamosi iliyofuata niliacha koti na kofia nyumbani. Nilikuwa nimewaza, na kuwaza kwangu ni kama kwa fundi, kwamba kama punda anakuja mbio kwa ajili ya koti halafu anavunjika moyo akifika kwenye pua, basi tatizo ni koti. Nikaenda na shati langu la kazi linalonuka mpira na gundi. Amongin akauliza koti liko wapi, nikamwambia nimelifua. Nikakaa juu ya ndoo.

Transiti aliniangalia kutoka mbali. Hakuja mbio. Alikula majani hapa, akala majani pale, akijifanya hana habari na mimi, na kila alipokula alikuwa amesogea. Nilipiga ulimi kila aliposogea, nikatupa karoti karibu naye. Ya tatu akaila. Nakwambia, nilikuwa sijawahi kutazama mnyama akila karoti kwa makini namna ile. Ilipofika saa tano alikuwa hatua mbili kutoka ndooni, akagusa kwa pua kifuniko cha mkebe wa rangi nilichokuwa nimekishika, ambacho ndicho walichomfundishia kufuata. Tak. Karoti. Akagusa tena.

Kisha nikakosea. Nilikuwa nafikiria kwamba Mukhwana ndivyo alivyokaa hapa, kwenye ndoo hii hii, na ulimi wangu ukajipigia wenyewe bila punda kufanya lolote. Transiti akainua kichwa, akasubiri. Mfuko wangu ulikuwa mtupu.

Amongin alitoka mbio kwenye kivuli na karoti mkononi. "Lipa, lipa!" Akamlisha yeye mwenyewe, ndipo akanigeukia. "Ukipiga ulimi umeahidi. Hata kama umekosea, unalipa. Hii mnyama ilidanganywa na watu tangu izaliwe. Ukiidanganya mara moja tu, mwezi mzima hautarudisha."

"Ulimi uliteleza."

"Kwako haukuwa unateleza zamani." Akanitazama kidogo. "Na leo unalisha na mkono ya kulia."

Mukhwana alikuwa shoto. Katika miaka yote ile tulipokuwa watoto hiyo ndiyo ilikuwa njia ya walimu kututofautisha, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. "Wa kushoto unauma," nikasema. Akarudi kivulini.

Wiki ile ya mwisho nilijifunza kuandika sahihi ya Mukhwana kwa mkono wa kushoto. Nilijaza nyuma nzima ya kalenda. Kitambulisho chake nilikuwa nacho, picha iliyo juu yake ni uso wangu, hakuna askari wala karani wa nchi hii ambaye angeweza kupinga. Niliona mambo yote yamekaa sawa. Punda angekuja, mama angelala, mzee wa Khunyangu angetafutiwa punda mwingine. Mukhwana angekuwa hai kwenye karatasi za watu fulani kule Amagoro, na hilo nalo lilikuwa linamdhuru nani?

Jumamosi ya nane ilikuwa ya hatamu. Amongin alinipa ile kamba laini ya kuvisha kichwani akasema nisimvishe, nimshikie tu wazi mbele yake, na kama hataki, hakuna kusaini leo. Nikaishika. Transiti akainusa kamba, akanusa mkono wangu, akarudi nyuma hatua moja. Nikangoja. Sikupiga ulimi, sikumwita. Nilikuwa nimeelewa kidogo kwamba kungoja nako ni kazi, tena ya mikono. Akaja tena, akaitazama, akaingiza pua yake mwenyewe ndani ya kitanzi na kuiacha humo.

Tak. Karoti. Nikaifunga nyuma ya masikio yake. Pumzi yake ilinigonga kwenye kifundo cha mkono, na pale pale, mahali padogo kama shilingi, nilihisi joto. Kwingine kote hapakubadilika. Nilibaki nimeduwaa nikiutazama mkono huo.

"Safi," Amongin akasema. "Twende tumalize fomu."

Ofisi yao ni chumba cha mabati chenye meza moja. Alifungua faili, mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kutoa kitambulisho. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto kabisa, tayari.

"Kabla usaini, nakusomea zile uliandika siku ya kwanza, uniambie kama kuna kitu imebadilika." Akasoma. Jina. Kijiji, Mundika. Kazi, matofali. Banda, linajengwa.

"Limekwisha," nikasema.

Akaandika. Maji yapo, malisho yapo. Kila alipouliza nilijibu, na ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Akafungua ukurasa wa pili.

"Swali ya kumi na moja. Punda anaweza kuishi miaka thelathini na zaidi. Ukifa kabla yake, nani atamchukua?" Akakunja uso kidogo kwa sababu ya mwandiko. "Umeandika, 'Ndugu yangu Mulongo. Ana hasira za haraka lakini hajawahi kuacha kitu changu kiharibike.'" Akainua macho. "Huyu Mulongo bado yuko tayari?"

Nilimwomba anionyeshe. Akaigeuza karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, umelala upande wa kushoto, na baada ya jina langu alikuwa ameweka nukta nzito kama mtu aliyemaliza jambo. Hakuwa ameniambia. Miezi yote ile ninamcheka na karoti zake, yeye alikuwa ameshanikabidhi.

Jibu lilikuwa, ndiyo, bado yuko tayari. Ningesema hivyo na kusaini, na saa ile ile ningeondoka na punda. Lakini nililitazama lile neno lililopigwa chapa, ukifa. Tangu tuzaliwe watu wazima walikuwa wameliruka neno hilo mbele yetu kama watu wanaoruka mtaro. Mukhwana alikuwa amekutana nalo hapa mezani, peke yake, akalijibu bila woga, kama mtu anayeulizwa jembe atamwachia nani akisafiri. Na jibu lake lilikuwa mimi, si mtu anayemwigiza yeye.

Nikahamisha kalamu mkono wa kulia.

"Mulongo ni mimi," nikasema. "Mimi ni pacha wake. Mukhwana amekufa."

Ndipo nikangoja. Mama yangu alikuwa Mundika, pengine anafagia, na mimi nilikuwa nimevunja ahadi yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kwenye chumba cha mabati. Kama waliyosema wazee ni kweli, basi angekuja sasa. Nitasema ukweli wangu, kwa vile nimeshaanza. Nilitaka aje. Nilitazama mlangoni. Nje punda walikuwa wanatafuna, gari kubwa likapita barabarani likielekea Malaba, na hakuja mtu.

Amongin alikuwa ameweka kalamu chini. "Lini?" akauliza.

"Wiki sita sasa. Jumatano. Shimo la udongo lilimwangukia. Nilimtoa mimi."

"Nilijua kuna kitu," akasema polepole. "Punda ilijua kwanza." Hakunikaripia, na hakusema yale maneno ya matanga ambayo watu huyasema upesi ili waondoke. Kisha akafungua saraka, akatoa fomu mpya. "Sheria inasema mwenye aliandikwa hapa kwa kumi na moja anachukua nafasi. Mzee wa Khunyangu atangoja ingine. Lakini wewe Mulongo umefanya Jumamosi tatu, si nane. Zimebaki tano, na utakuja na shati yako. Jaza."

Nikajaza. Jina langu. Mundika. Kazi, fundi wa pancha. Banda, limekwisha, lilijengwa na ndugu yangu. Nilikuwa naandika upesi, kwa kulia, mwandiko wangu mbaya wa kawaida, maji yapo, malisho yapo, nikageuza ukurasa.

Punda anaweza kuishi miaka thelathini na zaidi. Ukifa kabla yake, nani atamchukua?

Tangu nijue kuandika, swali la namna hiyo lilikuwa na jibu moja. Nani aitwe ukiumia, nani ajue ulipo, nani achukue vitu vyako. Sikuwahi kulifikiria, mkono ulikuwa unaandika wenyewe. Na sasa pia mkono uliandika. Ulikuwa umeshafika herufi ya tatu, M, u, k, nilipouona.

Nikaacha kalamu. Niliitazama ile Muk, na maumivu yakaja yote kwa pamoja, kutoka kifuani hadi kwenye meno, na yaliniuma sana, kuliko nilivyojua mtu anaweza kuumwa. Nililia kwa sauti mbele ya yule mwanamke. Nililia mpaka nikateremka kwenye kiti. Amongin alizunguka meza, akachuchumaa sakafuni karibu nami na gambuti zake.

"Hiyo moja unaweza kuiacha wazi," akasema.